Jibu: Kipindupindu cha 1866 katika vitongoji vya mashariki ya London

Salaam, ndugu. Umeuliza kwa nini kipindupindu cha 1866 kiliua watu wengi mno Poplar na Stratford, ilhali mifereji mipya ya majitaka ya mhandisi Joseph Bazalgette ilikuwa imekwisha kuzinduliwa mwaka uliotangulia.

Nisomapo ripoti za zama hizo, huanza kwa kuangalia kila mtaa ulipata wapi maji ya kunywa, ndipo niigeukie mifereji. Mitaa iliyoumia zaidi ilihudumiwa na Kampuni ya Maji ya London Mashariki, na William Farr, mtakwimu wa serikali, alipolinganisha vifo na maeneo ya kila kampuni, lawama iliangukia mabwawa ya Old Ford yaliyokuwa wazi kando ya mto Lea, ambao ulikuwa umechafuliwa kwa kinyesi. Kampuni ilikanusha, wala hilo halinishangazi, ingawa wateja walikuwa wamekuta samaki aina ya mikunga ndani ya mabomba yao.

Ama mifereji, uzinduzi wa 1865 haukumaanisha kwamba kazi imekwisha: kituo cha pampu cha Abbey Mills, kilichohitajika kuinua majitaka ya upande huo wa bondeni, kilikamilika 1868.

Stratford ilikuwa nje ya mipaka ya London, chini ya bodi ya afya ya West Ham, kwa hiyo kumbukumbu zake uzitafute peke yake. Kwa wilaya za London, Maktaba ya Wellcome imeweka mtandaoni, bila malipo, ripoti za maofisa wa afya. Tazama kwanza majedwali ya vifo, kisha maelezo.