Mkuu, hiyo Android usimkabidhi mtu Jumamosi

Acha kwanza. Unahama kutoka Android kwenda iPhone, umeuliza mambo manne: kamera, betri, kati ya Play Store (duka la programu la Android) na App Store (la iPhone) lipi lina programu nzuri zaidi, na kama iPhone iliyotumika inafaa. Halafu mwishoni umechomekea, kama utani vile, kwamba Android yako imeshapata mteja: unaifuta na kumkabidhi Jumamosi asubuhi, iPhone unaipokea jioni. Hapo ndipo nilipokurupuka kitandani.

Nilifanya hivyohivyo Januari 2021. Mshauri wangu alikuwa shemeji, yule mtu ambaye kila ukoo unaye: televisheni ikigoma anaitwa yeye, ndoa ikigoma anaitwa yeye. Akaniambia, "Futa tu shem, ingia na akaunti yako ya Google kwenye iPhone, kila kitu kitarudi chenyewe." Nikafuta. Na kweli majina ya watu yalirudi, barua pepe zikarudi, kalenda ikarudi. Nikamwona nabii.

Kisha nikafungua WhatsApp. Nikaweka namba, ujumbe wa uthibitisho ukaja, makundi yote yakajipanga pale, matupu. Hakuna meseji hata moja. Shemeji: "Subiri saa 24, inavuta." Inavuta nini? Bakapu (nakala ya akiba ya meseji) ya WhatsApp ya Android hukaa Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, ya iPhone hukaa iCloud, ya Apple, na hakuna upande unaosoma ya mwenzake. Kwenye Drive nilikuwa naiona kabisa, jina lake na ukubwa wake, ila haifunguki. Nikawa kama mtu anayechungulia nyumba yake mwenyewe dirishani.

Humo ndani kulikuwa na sauti za baba. Mzee hakupenda kuandika, alikuwa anajirekodi, na kila sauti inaanza na kikohozi, halafu "Hii inarekodi kweli?" Alikuwa amefariki miezi minane kabla. Niishie hapo, nisije nikaonekana nalilia simu.

Kinachoniuma ni kwamba zilikuwa zinaokoleka. Ningeazima Android yoyote, nikaweka laini yangu na akaunti ileile ya Google, WhatsApp ingezirudisha zote, nikazihifadhi kwingine. Hilo nililijua Agosti. Bakapu ya WhatsApp isiyoguswa zaidi ya miezi mitano inaweza kufutwa kwenye Drive, na yangu ilikuwa imeshakwenda. Miezi saba naamini "inavuta"! (Siku hizi shemeji anashauri watu kuhusu sarafu za mtandaoni. Sijamwonya mtu. Nami nina roho mbaya yangu kidogo.)

Na usidhani ni WhatsApp peke yake. Haya maduka mawili yalifunguliwa mwaka mmoja, 2008: App Store Julai, la Android Oktoba, wakati huo likiitwa Android Market. Mpaka leo hakuna linalotambua risiti ya mwenzake. Programu uliyonunua Play Store, ukifika App Store unainunua upya. Sababu ni pesa: kila duka linakata hadi asilimia 30 ya mauzo ya kidijitali yanayopitia kwake, sasa nani akupe ngazi ya kurukia ukuta wake? Programu yangu ya kuhariri picha niliilipia mara mbili. Ile nyingine ya usajili, ya kulipia kila mwezi, nilidhani nikifuta simu nimeacha kulipa. Wapi! Usajili unasitishwa kwenye duka lilelile ulikojiunga, kwa hiyo miezi mitatu nililipia programu isiyo na simu.

Kanuni yangu ni moja tu: simu ya zamani haitoki nyumbani mpaka mpya imalize mwezi mzima. Wiki haitoshi, maana usajili mwingi hukata kila mwezi, na usichokikumbuka leo kitakukumbusha siku ya kukatwa. Tangu 2022 ipo njia rasmi ya kuhamisha WhatsApp kutoka Android kwenda iPhone, kupitia Move to iOS, programu ya Apple ya kuhamisha vitu vya Android kwenda iPhone: simu zote mbili mezani, zote kwenye umeme, namba ileile, iPhone ikiwa mpya au imefutwa. Soma tena hapo: simu zote mbili. Ratiba yako ya Jumamosi haina hata dakika moja ambayo unazo zote.

Kamera? Zote zinapiga picha. Betri sijui uliulizaje, wengine watakujibu.

Mpigie huyo mteja sasa hivi, mwambie simu ataichukua mwezi ujao. Akigoma, aende. Na kabla hujalala leo, kama kuna sauti za mtu humo ndani, zitoe mojamoja, ujitumie kwa barua pepe.