Mtoto aiguse baridi kwa mikono kwanza

Msomaji mmoja aliyehamia Winnipeg, Kanada, na familia yake ameniandikia. Mwanawe wa miaka minne anataka kujua vyura wa bwawani wamekwenda wapi. "Sisi tumekulia masika na kiangazi," anasema, "haya ya theluji nitayajulia wapi?"

Dada yangu, maneno hayo nayajua. Nilipoanza kufundisha chekechea hapa Minnesota, Marekani, mwalimu mwenzangu alisema mbele ya wazazi kwamba somo la wanyama na baridi aachiwe mtu aliyezaliwa kwenye theluji. Nilinyamaza, lakini sijasahau. Leo somo hilo ni langu, na wazazi ndio wanaoniulizia siku yake.

Usianze na picha ya dubu aliyelala. Anza na beseni la maji ya barafu. Chukua mifuko miwili ya plastiki, tia mmoja ndani ya mwingine, na katikati ujaze mafuta ya kupikia yaliyoganda. Mtoto atumbukize mkono mtupu kwanza, atautoa mbio. Kisha auvike mifuko ile na kuurudisha majini. Utaona macho yanavyomtoka! Hapo ndipo mimi humtaja dubu mweusi, anayekula mchana na usiku majani yanapopukutika ili anenepe, kisha akaingia pangoni miezi mizima bila kula, kunywa wala kukojoa. Hilo la kukojoa hawalisahau kamwe. Na dubu jike huzaa humohumo, Januari, akanyonyesha huku nje kumeganda.

Sasa vyura. Wenye madoadoa hukaa chini kabisa ya ziwa. Barafu huelea juu, na maji yenye nyuzi 4 ni mazito zaidi, hutuama chini yasigande. Chura hupata hewa kupitia ngozi yake. Lakini yule wa msituni hujificha chini ya majani makavu tu, na huganda kweli. Moyo husimama, pumzi hukatika. Ini lake hujaza damu sukari inayozikinga seli zisiharibiwe na barafu, na joto likirudi anayeyuka, moyo unaanza kupiga tena. Mwambie mwanao hivyohivyo. Wazazi wengi huwaambia watoto kwamba wanyama wote "wanalala", na hapo wanawanyima jambo tamu kuliko yote.

Halafu kuna mbayuwayu. Wa huku hushuka hadi Amerika Kusini, na wa Ulaya huja kwetu Afrika. Wewe na mimi tumewaona Januari wamejipanga kwenye nyaya za umeme. Mtu aliyekulia kule ndege wanakokimbilia baridi ana kitu cha kufundisha ambacho mzaliwa wa theluji hana, kwa hiyo asikutishe mtu. Simulia kwa Kiswahili, mtoto ajue kwamba sayansi inasemeka kwa lugha ya mama yake. Zima simu, vaeni makoti, tokeni nje. Mtoto aliyefungiwa ndani na katuni hawezi kujua nyayo za sungura zikoje.

Fanya somo hili Novemba, wakati kindi bado wanafukia mbegu za mwaloni na mnaweza kuwafuatilia. Taulo kavu liwe karibu na beseni, na mkono usikae majini zaidi ya sekunde chache.