Jibu: Kuendesha baiskeli peke yako ugenini

Ndugu, umeuliza ningebadilisha nini kama ningerudia safari yangu ya baiskeli peke yangu nje ya nchi. Mzigo, kabla ya yote. Nilipakia kama mtu anayehama, na spoki za gurudumu la nyuma zikaanza kukatika mlimani, tena upande wa gia, ambako lazima ung'oe gia kwanza ndipo uzibadilishe. Hamishia baadhi ya mizigo mbele, na ufunge spoki za akiba kwenye fremu. Beba pia kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia mtambo wa gia nyuma. Baiskeli ikianguka, kipande hicho hupinda, na kwa kuwa aina nyingi za baiskeli zina cha kwao tofauti, usitegemee kukipata njiani.

Betri za akiba za lithiamu ziingie nawe ndani ya ndege, si kwenye begi unalokabidhi.

Upweke huuma jioni. Nilimtumia dada yangu mahali nilipo kila siku saa ile ile, na kweli nililala vizuri zaidi.

Hizo kilomita 120 kwa siku ulizosema unapanga, tafadhali zipunguze hadi 70 wiki ya kwanza. Goti langu lilivimba siku ya nne, na hapakuwa na mwenzangu wa kunipokea mzigo.