Popoo Bila Tumbaku

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza mambo mawili: kama popoo, ile kokwa ngumu ya kutafuna, isiyotiwa tumbaku inaweza kuleta saratani ya mdomo, na kwa nini siku hizi shavu linakuwaka ukila pilipili. La kwanza, ndiyo, inaweza. La pili ndilo lililonifanya niandike kwa urefu.

Wengi hudhani ubaya wa tambuu, lile jani linalofungiwa popoo na chokaa, ni tumbaku peke yake. Tumbaku inazidisha hatari, lakini tangu mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka popoo yenyewe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na sigara. Ndani yake mna arekolini, kemikali ile ile inayokuchangamsha na kukurudisha kwa muuzaji. Huzichochea chembe hai za shavu kutoa nyuzinyuzi ngumu kupita kiasi. Chokaa hufanya mate yawe na alkali, na katika hali hiyo popoo hutoa vitu vinavyojeruhi chembe. Halafu mtu hulibana donge upande ule ule, kila siku, kwa miaka.

Kuwaka kwa pilipili mara nyingi ndiko kunakotangulia shavu likianza kukakamaa. Baadaye ngozi ya ndani hupauka, ukipapasa unakuta mistari kama kamba, na mdomo huanza kufunguka kwa shida. Jipime sasa hivi: simamisha vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikikataa kuingia vyote, tatizo limeshakwenda mbali. Ukiacha popoo leo, madhara mapya yanapungua, ila shavu lililokwisha kukakamaa ni nadra kulainika lote, na kwa baadhi ya watu hugeuka saratani. Ndiyo maana hata aliyeacha anahitaji kuangaliwa mara kwa mara.

Kisha chukua kioo na tochi. Tazama midomo, fizi, ndani ya mashavu na kaakaa. Shika ncha ya ulimi kwa kitambaa safi, uvute kushoto na kulia: pembeni mwa ulimi na chini yake ndiko watu husahau, na ndiko saratani hupenda kukaa. Tafuta baka jeupe lisilofutika, baka jekundu (hili ni baya zaidi), au kidonda. Malizia kwa kupapasa shingo, kuanzia chini ya sikio hadi mtulinga.

Usingoje maumivu. Mwanzoni mara nyingi hayapo, na hapo ndipo watu hupotea: wanasukutua kwa chumvi, wananunua dawa za vidonda dukani, wanang'oa jino lisilo na kosa. Kidonda kikitokana na jino kali, likisawazishwa kinapaswa kupona ndani ya wiki mbili. Kikipita wiki tatu, kikatwe kinyama kipimwe. Yule anayekwambia kuwa kisu kinaisambaza saratani anakuchelewesha tu.

Kuhusu sigara na bia za mwisho wa wiki: vikikutana, hatari haijumlishwi, huzidishwa. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, au sikio likiuma upande mmoja bila ugonjwa wa sikio, muone daktari wa koo. Ipo pia saratani ya findo na shina la ulimi inayoletwa na virusi vya papiloma, hasa aina ya 16, virusi vile vile vya saratani ya mlango wa kizazi. Mjukuu wangu akitimiza miaka 9, mpeleke akapate chanjo. Tanzania wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja.

Wiki hii nenda kwa daktari wa kinywa, hata kama vidole vitatu vimeingia. Mwambie unatafuna mara ngapi kwa siku, kwa miaka mingapi, na upande gani. Usipunguze hesabu kwa haya. Akikuta kitu cha kukatwa, omba majibu yaandikwe, maana hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au hospitali yoyote ya rufaa watayataka kabla ya kuanza tiba. Na ukiambiwa kuna tiba ya mionzi, meno yatazamwe kwanza: la kung'olewa ling'olewe mapema, kwa kuwa taya lililopigwa mionzi hupona kwa tabu.

Nitumie idadi ya vidole leo jioni.

Mama