Maswali ya wasomaji: lenzi ya kuvuta ikiwa wazi kabisa

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja: lenzi ndefu na picha laini, yaani zisizo kali. Kwa aliye mgeni: milimita hutaja uvutaji wa lenzi, na namba ya f hutaja upana wa tundu lake la mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu liko wazi zaidi. Tumeziweka pamoja kwa kuwa jibu la mmoja litamfaa mwingine.

SWALI: Assalaam aleikum. Nimepata lenzi ya 70-200mm f/2.8 ya mkono wa pili. Mwenyewe amenipa wiki moja niijaribu ndipo nimlipe. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, nyingi usiku kumbini, kwa hiyo f/2.8 ndiyo nitakayoitegemea. Kwa f/2.8 nyuso zinatoka laini, lakini nikifika f/5.6 zinatoka kali. Je, lenzi ina kasoro? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam. Usiirudishe bado, na wala usilipe bado. Picha laini ya f/2.8 ina sababu nne zinazofanana ukizitazama juujuu: fokasi imekosea, kamera imetikisika, unayempiga amesogea, au kioo cha lenzi chenyewe ni dhaifu. Kutoka f/2.8 hadi f/5.6 kina cha fokasi, yaani masafa ya mbele hadi nyuma yanayotoka makali, huongezeka maradufu, kwa hiyo kosa dogo la fokasi hufichika. Ndiyo maana ukali wa f/5.6 peke yake haumtii hatiani kioo. Kutikisika tunakuweka kando kidogo: f/5.6 inataka mwanga mara nne ya f/2.8, na kama ungelipia mwanga huo kwa kupunguza kasi ya shata (pazia la kamera), mkono unaotetemeka ungeharibu zaidi picha za f/5.6. Ikiwa ulipandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) au ulitumia flashi, hoja hiyo haisimami. Basi pima hivi.

Tafuta ukuta bapa na nafasi ya mita 8 mbele yake. Kwa 200mm kwenye sensa kubwa (bamba linalopokea picha) ya milimita 36 kwa 24, umbali huo unaonyesha eneo la ukuta lenye upana wa mita 1.44 na kimo cha sentimita 96. Bandika kurasa tano za gazeti zenye maandishi madogo, kurasa za matangazo ya kazi ndizo bora: moja katikati na nne pembeni. Zinyooshe vizuri na uzishike kwa selotepu kila ncha, kwani karatasi iliyovimba hutoka kwenye fokasi yenyewe.

Sasa kamera iukabili ukuta sawasawa, na hapa ndipo wengi hufanya haraka. Ukiikagua picha pikseli kwa pikseli kwenye kamera ya megapikseli 24, kina cha fokasi cha 200mm f/2.8 kwa mita 8 ni kama sentimita 5 tu, mbele na nyuma zikijumlishwa. Kamera ikienda upande kwa digrii 3, ukingo mmoja wa eneo hilo utakuwa karibu sentimita 4 mbele ya katikati, na mwingine sentimita 4 nyuma. Kingo zote mbili zitatoka laini na lenzi haina kosa lolote. Pimamaji haitoshi, maana haioni kwenda kushoto na kulia. Mwambie mtu ashikilie kioo kidogo cha kujitazamia kikiwa kimelala kabisa ukutani, katikati ya eneo la picha. Chungulia, zungusha fokasi mpaka uione lenzi yako mwenyewe ndani ya kioo, kisha sogeza tripodi hadi mdomo wa lenzi ukae katikati kabisa ya picha. Hapo kamera iko sawa na ukuta. Ondoa kioo.

Weka tripodi kwenye sakafu ya simenti, chini. Ghorofa za nyumba za Mji wa Kale zenye dari za boriti huyumba mtu akipita, na lenzi ya 200mm itauona myumbo huo. Usiinue nguzo ya katikati ya tripodi, funga lenzi kwa pete yake ya tripodi na si kwa kamera, zima feni, na uzime kitulizi cha mtikisiko. Baadhi ya vitulizi vikiwa juu ya tripodi huanza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha. Vua filta. ISO 100, faili ghafi za RAW, taima ya sekunde 2 au zaidi, na kama kamera yako ni DSLR (kamera yenye kioo cha ndani cha kuchungulia), inua kioo chake cha ndani kabla ya shata. Ikiwa mwanga unakulazimisha kupiga kati ya 1/4 na 1/60 ya sekunde, ongeza taa, kwa sababu hapo ndipo mpigo wa kioo na shata hudhuru zaidi. Flashi ni bora kuliko yote: mwako wake ukiwa na nguvu ndogo huwa mfupi kuliko 1/1000, na mtikisiko haupati nafasi.

Fokasi kwa mkono kwenye skrini, ukikuza mara 10 juu ya herufi za ukurasa wa katikati. Piga f/2.8. Ivuruge fokasi, fokasi upya, piga tena. Fanya hivyo mara tano, uchague iliyo kali zaidi. Kisha bila kugusa fokasi piga f/4, f/5.6 na f/8. Rudia yote kwa 70mm na 135mm ukisogeza tripodi, maana zumu moja inaweza kuwa kali kwenye ncha moja na dhaifu kwenye nyingine.

Sasa tazama picha za f/2.8 kwa asilimia 100. Ukiona herufi zina mpaka unaosomeka lakini zimezungukwa na weupe kama maziwa, na kwa f/4 weupe huo umetoweka, basi ndivyo lenzi inavyofanya ikiwa wazi: miale ya pembezoni mwa kioo haikutani mahali pamoja na ile ya katikati. Lenzi ya namna hiyo inafaa kwa harusi. Kuongeza kontrasti (tofauti ya weusi na weupe) kidogo kwenye kompyuta kunaitengeneza, na ngozi ya bibi harusi haihitaji zaidi. Ukiona herufi zimejirudia upande mmoja kama kivuli, umetikisika, rudia. Ukiona tumbo la herufi ya "a" na la "e" limeziba hata katika picha bora kati ya tano, na f/4 bado inasuasua, mrudishie mwenyewe lenzi yake kwa shukrani. Pembe zikiwa laini kidogo kuliko katikati kwa f/2.8, usijali, almuradi zote nne zinalingana.

Kabla ya kuirudisha begini, ifungue tundu wazi na umulike tochi ya simu kutoka nyuma. Nyuzi zilizotawanyika mithili ya utando wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wetu huku pwani kuvu hutokea sana. Kuvu kidogo hupunguza kontrasti kabla ya kupunguza ukali, lakini haachi kukua. Hilo peke yake latosha kushusha bei au kukataa.

SWALI: Napiga meli zinazoingia Kilindini nikiwa Mama Ngina. Lenzi ni 150-600mm, nikiwa 600mm tundu lililo wazi zaidi ni f/6.3. Mchana wa jua kali majina ya meli hayasomeki hata nikipiga 1/2000. Rafiki yangu ameniambia lenzi hizi ni laini zote. (Msomaji, Likoni)

JIBU: Rafiki yako anaihukumu lenzi kwa kosa la hewa. Lami, mawe na vyuma vikishapata jua, hewa iliyo juu yake hupanda kwa mikupuo ya joto tofauti, na kila mkupuo hupinda mwanga kidogo. 600mm huyakuza mazigazi hayo pamoja na meli. Kasi ya 1/2000 inagandisha hewa iliyokwishapinda, haiinyooshi. Kufinya tundu hadi f/11 hakusaidii, na programu ya kuondoa ukungu inarejesha rangi tu, herufi zilizopotea hairejeshi.

Kulijua ni rahisi. Elekeza kamera kwenye kitu kisichosogea, mathalani boya au jengo ng'ambo ya mlango wa bahari, funga fokasi, piga picha kumi mfululizo. Zikitofautiana, hii kali kidogo, ile laini, mstari ulionyooka hapa umekuwa wa mawimbi pale, hiyo ni hewa. Zikiwa laini zote kwa kiwango kimoja, shuku fokasi au kioo. Kisha ipime lenzi kwa gazeti kama tulivyomweleza msomaji wa Kisauni, ila kwa 600mm weka mita 15 hadi 20, kivulini, asubuhi, na njia ya mwanga isipite juu ya lami wala bati. Lenzi nyingi za aina yako hupata nafuu inayoonekana kutoka f/6.3 hadi f/8. Kama gazeti linasomeka vizuri kwa f/8, lenzi yako ni nzima.

Kwa meli, njoo mapema, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, na usogee karibu na maji ili sehemu kubwa ya lami ibaki nyuma yako. Ikiwa umetoka kwenye chumba au gari lenye AC, iache lenzi ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa. Ukiitoa papo hapo, mvuke utaganda kwenye kioo, na hata ukiupangusa, mwili wa lenzi ukiwa bado baridi hewa ndani ya kofia yake ya mbele itaendelea kucheza. Vua kofia hiyo wakati wa kupima.

SWALI: Kamera yangu ni DSLR, lenzi 300mm f/4. Nikifokasi kupitia skrini, picha ni kali. Nikifokasi nikichungulia kwenye kijidirisha, ni laini. Lenzi ni hiyo hiyo. Kwa nini? (Msomaji, Tudor)

JIBU: Umeshajipimia nusu ya kipimo. Skrini inasoma fokasi kwenye sensa yenyewe. Kijidirisha kinategemea kihisi kingine kilicho chini ndani ya kamera, kinachopata mwanga kwa kioo kidogo nyuma ya kioo kikubwa. Njia hizo mbili zikipishana hata kwa sehemu ndogo ya milimita, fokasi hutua mbele au nyuma. Kioo cha lenzi hakihusiki.

Simamisha boksi la majani chai mezani, umbali wa mita 10, na kando yake weka rula iliyoinama digrii 45, alama yake ya katikati ikiwa sambamba na uso wa boksi. Fokasi kwenye boksi kwa nukta ya katikati, f/4, picha sita: tatu ukianzia fokasi ya mbali kabisa, tatu ukianzia ya karibu. Soma ni alama ipi ya rula iliyo kali. Ikiwa sita zote zinaangukia mbele ya boksi, fungua menyu ya kurekebisha fokasi, uongeze kurudi nyuma kwa hatua 5, upige tena. Kwenye Canon na Nikon zenye menyu hiyo hatua ni 20 kila upande. Ikiwa sita zinatawanyika mbele na nyuma ovyo, menyu haitasaidia, tatizo ni mota ya lenzi au shabaha yenye kontrasti ndogo. Kamera nyingi ndogo za bei nafuu hazina menyu hii, na hapo kazi ni ya fundi mwenye vifaa vya kuzipima kamera na lenzi pamoja. Kamera zisizo na kioo cha ndani kwa kawaida hazina ugonjwa huu.

SWALI: Upande wa kulia wa picha zangu ni laini kwa f/2.8 na f/4, kushoto hakuna neno. Fundi mmoja anataka kuifungua. (Msomaji, Bamburi)

JIBU: Asiifungue kwanza. Piga gazeti ukutani, kisha legeza pete ya tripodi, geuza kamera juu chini, upige tena bila kusogeza tripodi. Kama ulaini umebaki kwenye karatasi zile zile, basi hamkuwa sambamba na ukuta. Kama umehamia karatasi za upande wa pili, yaani umeufuata ukingo ule ule wa picha, ni lenzi, au mdomo wa kamera inakofungwa. Jaribu lenzi nyingine ujue ni ipi.

Ikiwa ni lenzi, kioo kimoja ndani kimetoka katikati, mara nyingi kwa kuanguka. Toboa karatasi ya foili kwa ncha ya sindano, iweke mbele ya tochi chumbani gizani, usimame mita 8, uweke nukta hiyo katikati ya picha na uivuruge fokasi mpaka iwe duara. Duara zima lenye mwanga sawa ni salama. Duara lililovimba au kung'aa upande mmoja linathibitisha kasoro. Pembeni mwa picha duara hugeuka umbo la jicho, hilo ni la kawaida. Kurudisha kioo katikati kunahitaji mtambo wa kulinganishia mwanga. Muulize fundi kama anao, na kama hana, shukuru uondoke.

SWALI: Badala ya gazeti, nipime kwa ukuta wa Fort Jesus? (Msomaji, Makadara)

JIBU: Unaweza, ukijua unapima nini. Ukiwa mita 50 na 200mm f/2.8, kina cha fokasi hufika kama mita 2 hata kwa ukaguzi wa pikseli, kwa hiyo mabonde ya mawe hayatakusumbua. Ila mazigazi yatakusumbua. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla mawe hayajapata joto, tumia tripodi, piga kumi kwa kila tundu, na ulinganishe iliyo kali zaidi ya f/2.8 na iliyo kali zaidi ya f/5.6.