Mahindi kwenye chungu cha umeme: USIYALAZE HUMO USIKU

Mkuu, usiyaweke usiku. Nimesoma swali lako mara moja tu nikaacha chai ipoe: mahindi mabichi 12, chungu cha umeme kile cha kupika polepole, moto mdogo kuanzia saa nne usiku hadi wageni wafike saa nne asubuhi, halafu unauliza utie maji au maziwa, uyamenye au uyaache na maganda. Hayo ya maganda baadaye. Tuanze na hayo masaa 12. Kumi na mawili! Mimi niliyapa 9 tu, na mpaka leo nyumbani nikitaja neno "muhindi" watu wanaangaliana.

Mahindi matamu mabichi, yale laini ambayo punje ukiibonyeza kwa kucha inaruka maji, ukiyatumbukiza kwenye maji yanayochemka yanaiva kwa dakika 3 hadi 5. Dakika, mkuu. Mwenzako nikaona kitufe kimeandikwa moto mdogo, nikaamini mdogo maana yake mpole, kwamba mahindi yatakuwa yamejilaza humo yanapata joto kama mtu aliyejifunika blanketi. Uongo mtupu. Kwenye vyungu vingi vya aina hii moto mdogo na moto mkubwa huishia karibu joto lile lile, chini kidogo ya kuchemka. Mdogo unachelewa kufika, basi. Ukishafika, umefika. Kwa hiyo mahindi yangu yaliiva usiku wa manane huku mimi nakoroma, na hakuna aliyeyaambia yaache kuiva.

Kilichoniamsha si saa, ni harufu. Nzito, kama kabichi iliyosahaulika jikoni. Ndiyo tabia ya mahindi yakipikwa kupita kiasi, yanatoa harufu ya aina hiyo hiyo. Nikafunua kifuniko. Punje zimefifia rangi, ngozi yake imekunjamana na kuwa ngumu, ndani hamna kitu ila ute. Nikaonja moja, halafu nikaonja yale maji. Maji yalikuwa matamu kuliko muhindi! Sukari yote ilikuwa imehamia huko. Nusura niwamiminie wageni maji kwenye vikombe niwaambie ni kinywaji kipya.

Sasa sikiliza ujinga wa pili, maana huu ndio ulionigharimu. Kwa kihoro nikasema niyapoze haraka labda yataokoka. Nikachukua jagi la maji baridi nikamwaga mle mle ndani, chungu kikiwa bado kwenye kitako chake. Tak! Ufa kutoka ukingoni mpaka chini. Udongo wa moto ukikutana na maji baridi ghafla hauna subira. Maji yakavuja yakaingia kwenye kitako, penye umeme, nikarukia plagi kama golikipa. Mimi nilipona, kitako hakikupona. Kwa hiyo asubuhi moja nilipoteza mahindi, chungu na heshima, na shemeji yangu aliyefika mapema kuliko wote akauliza kwa upole kama huo ni uji wa magunzi. Ukitaka kujua chungu kiko wapi siku hizi, kinazuia mlango usipigwe na upepo. Kazi hiyo kinaiweza vizuri.

Na yote haya kwa sababu ya bwana mmoja wa video. "Weka, lala, amka, kula." Maneno manne, mkuu, na anatabasamu. Baadaye niliirudia ile video nikiwa na hasira za mtu aliyefilisika, ndipo nikaona: anafunga kifuniko, kamera inakatwa, inarudi na mahindi ya njano yanang'aa kama yametoka kuoshwa. Katikati hapo palipita nini tutajua akhera. Mimi naapa yale yalichemshwa jikoni dakika tano kabla. Nikamwandikia, akanijibu eti nimekosea aina ya mahindi. Haraka haraka haina baraka, sawa, lakini mahindi matamu hayajawahi kuisikia methali hiyo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: anza na saa ya kula, uhesabu kurudi nyuma. Moto mkubwa, kama masaa mawili, ukiwa macho. Chungu kikijaa sana kinaweza kufika masaa matatu, na mahindi 12 mazima hayataenea kwenye vyungu vingi, yavunje vipande viwili. Anza kwa maji ya uvuguvugu. Yanayotokota ukiyatia kwenye chungu baridi unarudia hadithi yangu kinyumenyume. Usichungulie kila saa, maana ukifunua joto linatoka na unajiongezea robo saa au zaidi. Chungulia mara moja, baada ya saa moja na nusu, utoboe punje kwa kisu. Ikiwa laini na bado inatoa maji, toa. Usiseme ngoja kidogo. Mimi nilisema ngoja kidogo mara ya pili nilipojaribu, kwa chungu cha kuazima, na nikarudisha chungu peke yake bila salamu ya mahindi.

Maganda ukiyaacha si vibaya, ndevu zinatoka kirahisi zaidi baada ya kupika, ila yanakula nafasi.

Kama ulichonacho ni mahindi yaliyokomaa, yale magumu yenye wanga mwingi, hayo yanavumilia masaa zaidi, manne au hata zaidi. Hata hayo ningeyapika mchana nikiwa nayaona. Na wakichelewa wageni, chungu chenye kitufe cha kuhifadhi joto kitakusaidia kwa saa moja hivi, sio nusu siku.

Wageni saa nne asubuhi? Washa saa moja na nusu, ufagie sebule huku ukikisikiliza. Na jagi la maji baridi lifungie kabatini.