Mama lishe yuko Facebook, bosi yuko X

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Mitandao ya kijamii imetuweka pamoja, au imetugawa upya kwa matabaka?" Mimi najibu kwamba imetugawa, na mgawanyo huo nauona kila siku kwa sababu ya kazi ninayofanya.

Ni fundi simu. Kibanda changu kiko Mwenge, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na moja sasa. Wapo wateja wanaopaki gari wakitokea Mikocheni, na wapo wanaokuja kwa miguu kutoka Mlalakuwa au wanaoshuka daladala stendi huku wameshika simu iliyofungwa raba isiachane. Wote hunipa simu ikiwa imetolewa nywila, kwa maana kioo kipya hakipimwi bila kuingia ndani. Meseji za mtu sisomi, hilo nimelishika tangu siku ya kwanza. Ila ukurasa wa mbele utauona tu, na baada ya miaka yote hii, kabla sijamwangalia mwenye simu usoni naweza kukisia anaishi wapi.

Kwenye iPhone ya macho matatu nakuta X, ile iliyokuwa Twitter, nakuta LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, Instagram na barua pepe. Kwenye Tecno na itel nakuta Facebook, tena mara nyingi ile Lite isiyokula bando, na TikTok, na tangazo kwamba nafasi imejaa. WhatsApp wanayo wote, lakini hata humo kila mtu yuko na wa kwake: wengine kundi la wazazi wa shule ya ada ya mamilioni, wengine kundi la kikoba na la msiba. Na wapo wanaotoka hata huko kwa sababu simu ni ya mkopo. Rejesho likichelewa simu inajifunga, na mwenyewe anakuja kwangu kuomba nimtolee loku. Hiyo kazi siifanyi. Anaondoka kimyakimya, na wenzake kwenye kundi wanadhani amewanunia.

Mtu anaweza kusema kila mmoja kachagua mtandao anaoupenda. Mimi nasema bei ya bando imechagua kwa niaba ya wengi, na dharau ikamalizia kazi.

Dharau hiyo mnaijua. Mtu akileta habari ambayo haijathibitishwa anaulizwa, "Hiyo umeitoa Facebook?" Mwaka juzi alikuja dada mmoja amepata kazi ya mapokezi ofisini, kazi yake ya kwanza ya mshahara. Aliomba nimsaidie kufuta akaunti ya Facebook aliyofungua akiwa kidato cha pili. Tukaifungua pamoja. Picha zilikuwa za kawaida tu: yuko na wenzake, sare za shule, ukuta wa studio wenye maua. Kilichomtesa ni maandishi, "nimewamic xana", "upo wapi xaxa", ule uandishi wa x badala ya s ambao miaka ile ulitapakaa kwa watoto wa shule. Nikamwambia, "Dada, ulikuwa mtoto." Akanijibu, "Kaka, hawa wa ofisini wataniona mshamba." Tukafuta kila kitu, pamoja na salamu za rambirambi alizoandikiwa na nduguze alipofiwa na baba yake. Siku ile niliumia, na mpaka leo sijaona kosa lake.

Kinachonishangaza ni kwamba Facebook yenyewe ilianza kama mtandao wa wakubwa. Ilifunguliwa Februari 2004 katika Chuo Kikuu cha Harvard, na bila barua pepe ya chuo hicho hukuingia. Ikapanuliwa kwa vyuo vingine vikubwa vya Marekani, mwaka 2005 ikafika shule za sekondari, na Septemba 2006 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa yeyote aliyefikisha miaka 13. Wakati huo mtandao wa vijana wengi wa Marekani ulikuwa MySpace. Juni 2007 mtafiti danah boyd, anayeliandika jina lake kwa herufi ndogo, alitoa insha iliyozua mjadala mkali. Alieleza kwamba watoto wa familia zenye elimu na matumaini ya chuo walikuwa wanahamia Facebook, huku wengi wa watoto wa vibarua, wa wahamiaji, weusi na Walatino wakibaki MySpace. Aligusia hata jeshi. Mei mwaka huo jeshi la Marekani lilizuia MySpace kwenye kompyuta zake na kuiacha Facebook, na yeye akaonyesha kwamba askari wa vyeo vya chini walikuwa zaidi MySpace na maofisa zaidi Facebook.

Kwa hiyo Facebook ile ile iliyokuwa ushuani kule, kwetu leo inaitwa uswazi. Programu haikubadilika tabaka yenyewe. Watu walibadilika, na kila wanyonge walipoingia chumba fulani, wenye nafasi walianza kutafuta kingine na kukisema vibaya walichokiacha.

Namna wanyonge walivyoingia hapa kwetu naikumbuka vizuri, kwa maana nilikuwa naanza ufundi. Mwaka 2014 Tigo, ambayo siku hizi inaitwa Yas, ilileta Facebook ya bure kwa Kiswahili, na Oktoba mwaka huo Tanzania ikaingizwa kwenye Internet.org, mpango wa Facebook wa kufungulia watu kurasa chache bila bando, ulioitwa baadaye Free Basics. Vijana waliokuwa hawana hata mia ya bando wakajaa Facebook. Ilikuwa neema, siwezi kukana. Lakini ilikuwa neema yenye uzio: maandishi ya Facebook na kurasa chache zilizochaguliwa unaona, ukitaka picha na video mpaka uwe na salio, na ukibonyeza kiungo cha gazeti unaambiwa ununue bando. Mtu alisoma kichwa cha habari, habari yenyewe asiifikie. Halafu leo tunamcheka kwamba anasambaza habari nusunusu! India waliliona hilo mapema, na Februari 2016 mamlaka yao ya mawasiliano ikapiga marufuku kutoza bei tofauti kulingana na tovuti mtu anayoingia, mpango huo kwao ukafia hapo. Sisi hatukuwa hata na mjadala wa maana.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Ilikuwa Machi 2023. Mwisho wa wiki huo mfumo wa kampuni moja ya huduma za kifedha kwa simu ulisumbua, miamala ikawa inakata pesa bila kufika. Jumatatu asubuhi alikaa kwenye benchi langu mwanasheria mmoja kusubiri nimbadilishie betri ya simu yake. Alikuwa na simu ya pili mkononi. Laki sita zake zilikuwa zimekatwa tangu Jumamosi. Akaandika mistari miwili ya Kiingereza kwenye X, wakati huo bado ikiitwa Twitter, akaitaja kampuni. Betri haijakaa sawa, akanionyesha jibu: wamemwomba radhi, wametaja jina la ofisa anayeshughulikia, wanaomba namba ya muamala faraghani. Jioni pesa ikarudi. Alinipigia kunieleza kwa furaha, na mimi nilifurahi naye.

Mama lishe anayetupikia pale stendi alikuwa na tatizo hilohilo, kampuni hiyohiyo, siku hiyohiyo. Zilikatwa elfu 85, mtaji wake wa mchele, mafuta na samaki. Alipiga huduma kwa wateja akasikilizishwa muziki mpaka chaji ikaisha. Binti yake akamfungulia ukurasa wa kampuni Facebook, na chini ya tangazo la promosheni mama akaandika, "Naombeni hela yangu jamani ni ya mtaji." Maoni ya aina hiyo yalikuwa mamia chini ya tangazo lile. Kampuni haikumjibu hata mmoja.

Aliyemjibu mama ni mwizi. Haikupita hata dakika mbili akatokea mwenye nembo ya kampuni kwenye picha, jina la kampuni na neno "Huduma" mbele yake: "Pole sana mteja wetu mpendwa, tutumie namba yako tukusaidie." Akatuma. Wakampigia, sauti ya binti mstaarabu, wakamwambia ataletewa meseji yenye tarakimu azisome. Akazisoma, na namba ya siri akaitaja. Zikaondoka elfu 40 zilizobaki, na humo mlikuwa na hela ya kikoba ya wenzake wawili.

Alikuja kibandani na aproni yake, mikono bado ina unga. Akanisogezea simu usoni akaniuliza, "Mwanangu, hii nembo si ndiyo yao?" Ilikuwa yao kweli, kila rangi, kila mchoro. Nilikosa pa kuanzia.

Nilimwandikia malalamiko kwenye X kwa akaunti yangu, kwa Kiswahili. Walijibu kesho yake, na siku ya nne elfu 85 zikarudi. Elfu 40 hazikurudi. Kwa miezi mitatu alizilipa zile za kikoba kidogokidogo kutoka kwenye sahani za wali.

Naamini ile kampuni haikukaa kikao ikaamua kumdharau mama yule. Ila kuna mtu alipangiwa kuangalia X dakika kwa dakika, kwa sababu huko wako waandishi wa habari, mawakili na wakurugenzi, na aibu ya huko inaingia kwenye taarifa ya mwezi. Facebook ikaachiwa matangazo. Wezi wamejua wazi kwamba pale kuna watu wengi na hakuna mlinzi. Ndiyo maana nasema tabaka la mtandaoni ni zaidi ya nani ana simu nzuri. Linaonekana pale watu wawili wanapolalamika jambo moja: mmoja anajibiwa na kampuni, mwingine anajibiwa na tapeli.

Na haliishii kwenye pesa. Nasikia redioni "wananchi mitandaoni wamecharuka", nikifuatilia nakuta ni watu wa X. Dereva bodaboda aliyeeleza barabara yao kwa video ya TikTok, au mkulima aliyetuma sauti kwenye kundi la WhatsApp kwa kuwa kuandika kunampa shida, hao hawahesabiki kuwa wananchi. Clubhouse, programu ya mijadala ya sauti, ilipovuma mwanzoni mwa 2021 ulikuwa unaingia kwa mwaliko na kwa iPhone peke yake, Android ikaja kuruhusiwa Mei. Alikuja mwanafunzi wa chuo na Tecno yake, kasikia kuna mjadala wa katiba usiku ule, anataka nimwekee. Nikamweleza kwamba kwa simu hiyo haiwezekani. Katiba ni yake kama ilivyo ya mwenye iPhone, lakini usiku ule alibaki nje ya mlango. Na X yenyewe ilipofungwa nchini Mei 2025, wenye VPN, programu ya kupenya kizuizi, na bando la kutosha waliendelea kuongea, wengine wakakatika palepale.

Wapo watakaoniambia nahimiza watu wote wahamie X. Hapana. Ninachotaka ni kwamba kampuni, halmashauri na ofisi yoyote inayoweka tangazo mahali iweke na mtu wa kujibu mahali hapohapo, kwa Kiswahili, na ifukuze matapeli wanaovaa nembo yake. Ukichukua wateja wako Facebook, wasikilize Facebook. Na nyinyi waandishi, mkisema wananchi wamesema, mshuke pia kwenye maoni yenye makosa ya r na l.

Swali lenu nimelikuta Instagram. Mchana nilipokwenda kula nilimsomea mama, akasikiliza huku anapakua. Akaniuliza kama na yeye akiandika pale chini kuna mtu atasoma. Nikamwambia nadhani watasoma. Akanitazama kidogo, akaniongezea mchuzi, akasema, "Basi andika wewe, mwanangu. Na ile elfu 40 usiisahau."